Mdomo wa Kuazima, Sehemu ya Tisa: Kufuli la Jumamosi

Mmeningoja wiki nzima, na najua mlichokuwa mnangoja. Mlitaka kusikia Spès alijibu nini.

Mtakumbuka kwamba Vainqueur, fundi baiskeli wa Kamenge, alikuwa ameingia duka la vitambaa la Ilyasi pale Quartier Asiatique kwa Jumamosi ya nane mfululizo. Kila mara alinunua kifungo kimoja na kuondoka bila kusema la maana. Safari hii aliinuka kutoka kwenye boksi la vifungo, akamtazama muuzaji machoni, akasema: "Dada Spès, tumepita njiani tukaona ndama mzuri katika zizi hili. Tumekuja kuuliza kama mwenye zizi ana nafasi ya kutusikiliza."

Spès akaweka mkasi chini. Akavuta pumzi ili ajibu. Hapohapo mlango wa chuma ukashushwa kutoka nje, kufuli likabanwa, na duka likawa giza.

Basi jibu lilikuja gizani.

"Nyinyi na nani?" Spès aliuliza. "Mi naona mutu moja tu."

Vainqueur akageuka kuangalia nyuma yake. Ndiyo, aligeuka kweli.

"Ni mazoea ya kusema," alijitetea.

"Bon, nikuambie, Monsieur Vifungo. Ndama hapimi kitenge. Halafu shati yako iko na vifungo sita, na we unanunua kimoja kila wiki, miezi mbili sasa. Mutu anapoteza vifungo hivyo, mi siwezi kumupa hata kuku achunge."

Wanaume mnaonisoma, mnajua jibu kama hilo linavyofanya kazi. Kwanza halikuumi. Unasimama, unatabasamu kijinga, unatafuta mlango. Baadaye ukiwa barabarani ndipo masikio yanapochemka.

Masikio ya Vainqueur yalichemka mapema, kwa sababu hapakuwa na mlango wa kutokea.

"Nifungulie niende," alisema.

"Nifungue na nini? Kufuli iko inje. Patron ameenda na ufunguo."

Ninyi mnaoishi Bujumbura sina haja ya kuwaeleza Jumamosi asubuhi na kazi zake za jamii. Mpaka saa nne na nusu hakuna duka linalofungua, na kila mwenye mikono anatakiwa mtaroni na jembe au ufagio, huku askari kwenye kona wakimuuliza kila mpita njia anakwenda wapi. Ilyasi alikuwa na ujanja wake. Saa moja alimwingiza Spès kwa mlango wa nusu, akate vitambaa vya harusi za mchana. Saa mbili kamili alifunga kwa nje na kwenda kuzibua mitaro pamoja na wafanyabiashara wenzake. Siku hiyo Vainqueur alikuwa amepenya kwa mlango huohuo, na Ilyasi alipochungulia ndani aliona kichwa kimoja tu, kwa sababu kingine kilikuwa bado kimeinamia boksi la vifungo chini ya meza.

"Hakuna mulango ya nyuma?"

"Kuko dirisha. Iko na vyuma."

Vainqueur alienda akavishika vile vyuma. Vilikuwa vyuma vya mtu aliyewahi kuibiwa.

Macho yalipozoea giza, waliona kwamba mlango wa chuma una vitundu vitundu, na mwanga uliingia kwa vistari vyembamba juu ya majora ya vitenge. Nje palikuwa na watu wengi mno. Majembe yalikwaruza mtaro hatua mbili tu kutoka pale walipokuwa, na mtu alikuwa akilalamika kuhusu chupa za plastiki.

"Ongea polepole," Spès alinong'ona. "Unamujua Joëlla?"

"Yule alifanya kazi hapa mbele yako?"

"Yule. Patron alimukuta anacheka na dereva hapa mulangoni. Hapa mulangoni tu, inje, watu wote wanaona. Alimufukuza siku ile ile. Sasa mi nimefungiwa na mwanaume ndani. Leo, siku zote hizi, leo."

"Leo kuko nini?"

"Leo kwetu kuko wageni."

Alisema neno "wageni" kama mtu anayetaja dawa chungu. Shangazi yake alikuwa amekuja tangu Alhamisi. Baba yake alikuwa amenunua kreti za bia na kuosha viti. Spès aliambiwa arudi nyumbani kabla ya saa saba, asuke nywele, asiulize maswali. Binti wa Kirundi akiambiwa hivyo, anajua ni wageni wa aina gani. Asichokijua ni wanakuja kwa niaba ya nani.

"Habari ya mwanaume kufungiwa na mi hapa ikifika kwa baba," alisema, "sina kazi, na sina kwetu."

Vainqueur alijisikia vibaya. Alikuwa amekuja kutafuta mke, na sasa alikuwa ameshika jina la mwanamke huyo mikononi mwake kama yai, na mikono yake haijawahi kuwa myepesi. Alitaka kusema samahani. Badala yake, kwa sababu alikuwa bado anaumia kutokana na lile la kuku, akajisifu.

"Mi pia leo niko na kazi kubwa," alisema. "Saa tisa niko naombea mutu bibi."

"We?"

"Mi ni mushenga. Unaweza uliza Kamenge yote. Mabibi kumi na moja nimeomba, na kumi na moja nimepewa. Hakuna familia imenirudisha."

Hilo lilikuwa kweli, na ninyi mliotufuata tangu sehemu ya kwanza mnalijua. Vainqueur akisimama mbele ya wazee kwa ajili ya mwanaume mwingine, maneno yanamtoka kwa mpangilio, wazee wanaitikia kwa vichwa, mama wa bibi harusi anafuta machozi. Akisimama kwa ajili yake mwenyewe, hawezi kuomba hata maji ya kunywa. Ndiyo maana alipotaka kumtongoza Spès alikimbilia maneno ya kazini, yenye ndama na zizi na wingi wa watu ambao hawakuwepo.

Spès alimtazama kwa mara ya kwanza bila dharau.

"Naombwa niamini hiyo?"

"Unataka kusikia?"

"Hatuna kazi ingine mpaka saa ine na nusu. Polepole lakini."

Vainqueur akavuta kola. Akafumba macho, kama afanyavyo siku zote, na akaanza kunong'ona hotuba ya mchana ule. Aliisema kwa Kirundi, nami nawafasiria.

"Mzee wetu, tumeshuka garini kule barabarani tukaja kwa miguu, kwa sababu anayekuja kuomba haingii na kelele za injini. Hatukuleta maneno mengi. Tumeleta kiu, na tumeambiwa kisima kiko hapa. Tuna kijana nyumbani anayekula akaacha nusu sahani. Mama yake akamuuliza, unaumwa? Akasema, siumwi, naona sahani ina nafasi ya mtu wa pili. Mama akatuita. Tukaanza kutafuta, tukauliza mlima kwa mlima, na watu wote wakatuonyesha upande wa ziwa."

Sauti yake ilikuwa imebadilika. Hakukuwa tena na yule mwenye vifungo. Spès alikuwa ameacha kukunja kitambaa, na kidevu chake kilikuwa kimelala juu ya ngumi.

"Wakatuonyesha Kajaga," Vainqueur aliendelea, "kwenye mlango wa bluu wa mzee Sylvère. Tukaambiwa pale yupo binti ambaye akicheka, majirani wanaacha kugombana ili wasikie. Mzee Sylvère, tumekuja kuomba tupewe Nahimana."

Mkasi ulianguka sakafuni.

Vainqueur akafumbua macho. Spès alikuwa amekaa chini juu ya jora la kitenge.

"Rudia jina," alisema.

"Nahimana. Binti wa muzee Sylvère. Unamujua?"

"Ni mi."

"Apana. We ni Spès."

"Spès ni ya kanisa na ya kazi. Nyumbani mi ni Nahimana. Muzee Sylvère ni baba yangu. Ule mulango nilipaka mi mwenyewe rangi ya bluu."

Hapa naomba msimcheke Vainqueur. Alikuwa na desturi ya kujivunia: hatazami picha ya bibi harusi, haulizi anafanya kazi wapi, anasema picha zinamharibia maneno. Aliambiwa jina la baba, jina la nyumbani la binti, na rangi ya mlango, akasema yatosha. Kwa miezi miwili alikuwa amenunua vifungo kwa Spès siku za Jumamosi, na jioni za Jumapili alikuwa akitunga maneno ya kumwoza Nahimana kwa mwanaume mwingine.

"Ni nani?" Spès aliuliza. "Ni nani ananitaka?"

"Régis."

"Régis gani?"

"Ya bandarini. Murefu. Anasali kwenu."

"Yule anakaa benchi ya tatu? Yule hajawahi hata kunisalimia?"

"Ni mutu ya haya," Vainqueur alisema, na akajichukia kwa kumtetea.

Spès alicheka kidogo, kicheko kikavu ambacho hakingemwachisha jirani yeyote ugomvi.

"Angalia vile iko," alinong'ona. "Régis ameongea na we. We utaongea na baba. Baba ameshaongea na shangazi. Kila mutu ameongea. Mi niko hapa napima vitambaa. Hakuna mutu ameniuliza mi."

Vainqueur akataka kusema kwamba yeye amemuuliza, dakika thelathini zilizopita. Akakumbuka jinsi alivyomuuliza, kwa ndama na zizi.

Ghafla kitu kikagonga mlango wa chuma. Wote wawili wakaganda.

"Spès?" Ilikuwa sauti ya Daphrose, anayeuza sabuni na mafuta duka la jirani. Daphrose ni mwanamke ambaye ukimwambia siri saa tatu, saa nne unasimuliwa na mtu usiyemfahamu. "Spès, uko naongea na nani mule ndani?"

"Na mutu gani? Patron amenifungia."

"Nimesikia sauti."

"Niko naimba."

"Imba basi, nasi tusikie. Hii kazi ya mitaro imetuchosha."

Spès akaimba. Aliimba wimbo wa kanisani, amemkazia Vainqueur macho kama anataka kumtoboa. Nje wanawake wawili wakaitikia kiitikio huku wakifagia. Beti zilikuwa nyingi, na Daphrose alikuwa anazijua zote.

Wakati huohuo koo la Vainqueur likaanza kuwasha.

Vitambaa vipya vina vumbi la unga, na yeye alikuwa amesimama katikati yake kwa muda mrefu. Akameza mate. Likawasha zaidi. Akafunika mdomo kwa kiganja, na ndipo wazo likamjia, na lilikuwa wazo baya.

Kikohozi kimoja. Kikohozi kimoja tu cha mwanaume, na Daphrose yuko hapo na sikio lake. Saa tano habari iko sokoni, saa sita iko Kajaga. Posa ya Régis inakufa bila Vainqueur kuvunja ahadi kwa mdomo wake, maana nani atamlaumu mtu kwa kukohoa? Mzee Sylvère, kwa aibu, atamtoa binti yake kwa mwanaume aliyekutwa naye. Atamtoa bila hotuba.

Angempata. Aliliwaza hilo waziwazi, na alilitaka. Sitawaficha.

Spès alimaliza ubeti, na kabla ya kuanza mwingine akasogea hadi sikioni kwake.

"Najua unawaza nini," alisema. "Kohoa. Nitakuwa bibi yako. Na kila asubuhi nitakuangalia hivi."

Akamtazama. Hakukunja uso, hakulia. Alimtazama tu, kwa namna ambayo mtu hutazama ukuta wa chumba alichopangishwa kwa nguvu.

Vainqueur akanyakua ncha ya kitenge kilichokuwa karibu, akaijaza mdomoni, akapiga magoti, akakohoa humo ndani mpaka machozi yakamtoka na mishipa ya shingo ikasimama. Hakuna sauti iliyotoka. Spès aliimba ubeti wa mwisho huku akimpigapiga mgongoni kwa kiganja.

Nje Daphrose akasema amina, akaondoka na ufagio wake.

Walikaa sakafuni, migongo imeegemea meza ya kukatia. Joto lilikuwa limepanda na bati la juu lilianza kulia tik, tik.

"Merci," Spès alisema.

"Nimeharibu kitambaa."

"Kiko cha bei ya chini." Akamgeukia. "Vainqueur. Saa tisa, ukisimama mbele ya baba, ongea vibaya."

"Ginsi gani?"

"Unajua we mwenyewe. Sahau jina ya baba. Kaa chini mbele hawajakuambia ukae. Omba bia. Shangazi yangu anatafuta sababu tu, atasimama na kuwarudisha nyumbani na kreti zenu."

Angeweza. Alijua makosa yote yanayovunja posa, kwa sababu kazi yake ilikuwa kuyakwepa.

"Siwezi," alisema.

"Kwa ajili ya nini?"

"Nilitoka Uvira siko na kitu. Siko na viatu. Geneviève, mama ya Régis, alinikuta kando ya barabara akasema, ingia. Alichukua matela ya Régis, godoro moja tu, akasema, lala upande huu, Régis upande ule. Miaka sita tulilala vile. Régis hajaniambia siku moja, ondoka, hii ni yangu." Akafuta uso na mkono. "Hiki ni kitu ya kwanza ameniomba."

Sauti ya Spès haikuwa na ukali alipojibu, na hilo lilimuumiza Vainqueur kuliko lile la kuku.

"Sasa mi ndiyo matela," alisema. "Muko nagawana."

Mtu aliyewaombea wanaume kumi na moja alitafuta neno moja la kumwambia mwanamke huyo, akapekua kila kona ya kichwa chake, akakuta patupu.

Alikuwa bado anatafuta walipousikia ufunguo.

Ilikuwa saa tatu na nusu. Saa moja nzima kabla ya wakati.

"Chini," Spès alinong'ona, na tayari alikuwa akimsukuma kwa magoti chini ya meza ya kukatia. Akavuta jora la kitenge likafunguka na kuning'inia mpaka sakafuni. Vainqueur alijikunja, magoti kidevuni. Kwa chini palibaki uwazi wa vidole vinne, na kupitia hapo aliona ndala za Spès, kisha mwanga, wakati mlango wa chuma ulipoinuliwa nusu.

"Spès, binti yangu, samahani," ilikuwa sauti ya Ilyasi, mwenye Kiswahili chake laini cha Buyenzi. "Wametupa mapumziko kidogo, na kuna kijana hapa amenisihi. Anatafuta kitambaa cha mchumba wake, anasema saa nne na nusu itakuwa amechelewa. Mhudumie haraka, polisi wasituone."

"Karibu," Spès alisema.

Buti mbili zenye tope la mtaro ziliingia. Vainqueur alizijua kabla mwenye buti hajasema kitu. Alikuwa ameshona soli ya ile ya kushoto kwa mkono wake.

"Bonjour," alisema Régis.

Chini ya meza Vainqueur akafunga macho.

"Unatafuta rangi gani?" Spès aliuliza. Alisema vizuri, kama muuzaji.

"Sijui rangi." Buti zikasogea, zikasimama, zikasogea tena. "We ungependa gani?"

"Si mi nitaivaa. Muulize mwenyewe."

"Ndiyo niko namuuliza."

Ilyasi, ambaye si mjinga, akaacha kuchezea funguo zake.

"Mi si mutu ya maneno," Régis alisema, na alikuwa anahema kama aliyebeba gunia. "Ndugu yangu ndiye anajua maneno, yeye ndiye ataongea kwenu leo. Nilimuachia yote. Lakini usiku sikulala vizuri. Nilisema, nitakaa mbele ya baba yake, na yeye hajawahi kusikia sauti yangu. Leo nimepewa mutaro hii ya hapa mbele. Nikasema, Mungu amenisaidia, hii moja nitauliza mwenyewe." Buti zikasogea hatua moja. "Mademoiselle, mi naitwa Régis. Nakuona kila Jumapili. Saa tisa watu yangu watakuja kwenu. Kama hautaki, niambie hapa. Nitawarudisha mbele hawajafika, na hakuna mutu atajua ni we umekataa."

Hebu ingieni chini ya ile meza pamoja na Vainqueur, mwone palivyo. Ile asubuhi yote alikuwa akitamani angalau Régis awe mtu mbaya kidogo. Awe na kiburi, awe na mwanamke mwingine mahali. Na huyu hapa, na tope lake, amesema kwa dakika moja kile ambacho yeye alishindwa kukisema kwa vifungo vinane. Alikuwa ameuliza. Spès alikuwa hajaulizwa na mtu, na sasa ameulizwa, kwa heshima, na mlango umeachwa wazi.

Vainqueur alitazama zile ndala. Hazikusogea.

"Uko na mutu mwingine?" Régis aliuliza, taratibu.

Mkono wa Vainqueur, uliokuwa umekufa ganzi chini ya kiuno chake, ulijinyoosha wenyewe kutafuta damu. Mfuko wa shati lake ulikuwa umeinama. Kifungo cha nane, cha asubuhi ile, cheupe, chenye matundu manne, kikadondoka. Kiligonga saruji, kikasimama wima, kikabingirika chini ya pindo la kitenge, kikavuka sakafu bila haraka, kikalala kando ya buti ya Régis.

Régis aliinama. Vainqueur aliona vidole vyake vikikiokota. Kama angeinama kidogo zaidi wangetazamana.

"Kifungo," alisema Régis.

"Kimeanguka," alisema Ilyasi, kwa sauti ya mtu anayehesabu jambo kichwani. "Kimetoka wapi?"

Vainqueur alisubiri Spès adanganye. Alijua angeweza. Alikuwa ameimba mbele ya Daphrose beti zote zile. Neno moja lingetosha, boksi limepinduka, patron, na kila mtu angerudi mtaroni. Angebaki na kazi yake na jina lake. Saa tisa wote wangekaa mahali walipopangiwa.

Badala yake, ndala zikageuka zikamwelekea. Kitenge kikainuliwa kwa mkono mmoja, na mwanga ukamwingia machoni.

"Toka," alisema Spès.

Alitoka kwa magoti na mikono, nyuzi zimejaa kichwani, shati limelowa. Akainua uso, akamwona Régis. Hakuna hasira iliyokuwa usoni mwake bado. Kulikuwa na mshangao tu wa mtu aliyemwona ndugu yake mahali pasipo pake.

"Astaghfirullah," alisema Ilyasi.

Nyuma yake, chini ya mlango ulioinuliwa nusu, Daphrose alikuwa ameinama na ufagio wake kuchungulia, na nyuma ya Daphrose palikuwa na miguu mingi.

"Patron," alisema Spès, na hakunong'ona tena, "ulitufungia sote wawili na haukumuona. Hakunigusa hata kidole. Ukitaka uamini, ukitaka unifukuze kama Joëlla. Mi nimechoka kufichwa na kuficha." Kisha akamgeukia Régis. "Umeniuliza vizuri. Hakuna mutu mwingine ameniuliza vile, na nitakujibu. Lakini huyu ni mushenga yako, si ndiyo? Saa tisa angesimama mbele ya baba na kuniomba, na mi ningekuwa chumbani, nisikie kupitia ukuta."

Aliokota mkasi sakafuni, akauweka juu ya meza, akakunja mikono.

"Aniombe hapa. Niko mbele yake. Kwanza aseme ananiomba kwa ajili ya nani, halafu mi nitasema nampa nani jibu."

Hakuna jembe lililosikika.

Régis bado alikuwa ameshika kile kifungo. Alikitazama, akalitazama shati la Vainqueur, akahesabu vifungo vyake kwa macho, kimoja kimoja, mpaka vikatimia sita. Kisha akainua macho, na Vainqueur akajua kwamba ndugu yake ameelewa kuwa kifungo kile hakikununuliwa kwa ajili ya shati.

"Ongea basi," Régis alimwambia, polepole, kama zamani usiku alipokuwa akimsogezea nafasi kwenye matela.

Vainqueur akasimama. Akafuta vumbi magotini. Hakufumba macho safari hii, na akafungua kinywa.